Prefe Aliyetupigia Muhuri

Ungepita Jules Street, pale Malvern, hapa Johannesburg, mbele ya duka la magodoro, ungemwona mzee amevaa tai. Juu ya suti ya kijivu alivaa fulana ya kung'aa ya walinda magari, na shingoni alining'iniza filimbi. Huyo ndiye Prefe. Kwetu Kongo mkuu wa shule ya sekondari anaitwa prefe, na cheo hicho mtu hakivui. Atastaafu, atakimbia vita, atalinda magari ya watu kwa sarafu za kutupiwa dirishani, bado ni Prefe. Wengine humu nitawataja kwa majina yao, maana wanastahili kutajwa. Yeye nitamwita kama tulivyomwita sote.

Filimbi ile hakuinunua kwa ajili ya magari. Ilikuwa ya mstari wa asubuhi shuleni. Dereva akiegesha gari upande, Prefe anapuliza mara mbili, anasimama mbele ya gari na kusema kwa Kifaransa: anza upya. Madereva wa hapa hawajui Kifaransa, lakini walianza upya. Nimeona kwa macho yangu dereva wa teksi, na madereva wa teksi wa mji huu hawaogopi hata polisi, akirudi nyuma mara tatu mpaka magurudumu yakanyooka. Alipomaliza akacheka, akatoa sarafu.

"Sharp, madala," akasema, yaani safi, mzee.

"Sharp si jibu," Prefe akamwambia kwa Kiingereza chake cha vitabuni. "Sema asante."

Na yule dereva akasema asante. Yeye ndiye aliyetoa pesa, na yeye ndiye aliyeshukuru.

Alikuwa na majivuno, siwezi kuficha. Hakula mbele za watu. Mkate wake aliula amegeukia ukuta, kisha akajifuta mdomo kwa leso iliyopigwa pasi. Alikuwa na leso tano na viatu jozi moja. Pasta wa kanisa letu mjini, lile la ghorofa ya pili juu ya duka la mablanketi, aliwahi kumwomba asome Biblia ibadani. Prefe akasoma, halafu akamsahihisha pasta historia ya Babeli mbele ya waumini wote. Hakuombwa tena. Akawa anakaa nyuma kabisa na kuguna mahubiri yakikosea miaka.

Lakini mtu huyo mwenye majivuno ndiye aliyenifundisha kuandika nikiwa na miaka arobaini na tatu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Nalinda geti la nyumba fulani kule Observatory, kilimani, na kazini tuna kitabu cha kuandika matukio: gari gani limeingia, saa ngapi, nani kaja. Kwa mwaka mzima mwenzangu aliniandikia na mimi nikamnunulia sigara. Prefe alipojua, alikasirika kama nimeiba.

"Unamlipa mtu akushikie mdomo?" akaniuliza.

"Mdomo ninao, Prefe. Mkono ndio umepungua."

Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu. Viwili vimebaki Nyakasiza, nitasema baadaye kwa nini. Prefe akaushika mkono ule, akauzungusha kama fundi anavyozungusha kifaa kibovu, akasema vitatu vinatosha, kalamu haihitaji zaidi. Basi kila Jumamosi mchana nikashuka kutoka Observatory kwa miguu hadi Malvern. Tulikaa juu ya kreti za soda mbele ya duka la magodoro. Gari likija ananyanyuka, anapuliza, anarudi. "Tulikuwa wapi?" Nilijifunzia herufi kwenye maboksi ya ndizi. Siku niliyoandika peke yangu sentensi yangu ya kwanza kazini, *gari nyeupe imeingia saa mbili*, nilikiiba kitabu kile cha matukio nikampelekea. Akasoma, akatoa miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaenda kuelekeza gari ambalo halikuwepo.

Somo lake lilikuwa historia, na ndani ya historia alikuwa na kidonda kimoja. Kila mtu aliyemjua Prefe alikisikia kidonda hicho, akitaka asitake. Wafaransa, alisema, walikuwa na visiwa vya miwa mbali huko Amerika, na waliolima miwa hiyo walikuwa watu wetu weusi, wamenunuliwa. Paris kukatokea mapinduzi, mfalme akaangushwa, na bunge likaandika karatasi: utumwa umekwisha. Karatasi ikavuka bahari, ikafika kisiwa kinachoitwa Guadeloupe. Watu wakawa huru. Miaka minane. Halafu Paris akapanda mtawala mpya, mtu wa jeshi, Prefe hakupenda hata kumtaja. Huyo akatuma meli na askari, na utumwa ukarudishwa.

"Ukarudishwa!" Hapo sauti yake ilipanda. "Mtoto amezaliwa huru. Ana miaka saba. Hajui fimbo. Anaamka asubuhi anaambiwa wewe ni mali ya fulani. Mnaelewa? Na kwa miaka arobaini na sita mingine!"

Mtanga mmoja, Mtanzania aliyekuwa akiuza kanzu na kofia hapo karibu alipenda kumchokoza. "Mzee, hayo ya Wazungu wa huko mbali yatuhusu nini? Kwetu sisi wanasema ni Waarabu."

"Kule Kilwa Mfaransa hakununua watu?"

"Mimi siwezi kujua, sikuwepo."

"Alinunua! Akawapeleka Bourbon, kisiwa cha huku huku upande wenu wa bahari. Na unajua karatasi ya uhuru ilipofika Bourbon ilifanywaje? Haikupita. Wenye mashamba waliikataa, na wajumbe waliotumwa kutoka Paris walirudishwa baharini. Babu zako hata hiyo miaka minane hawakuipata."

"Basi mzee, bora sisi. Hatukuonjeshwa tukanyang'anywa."

Mtanga alisema hivyo kwa kucheka tu. Prefe hakucheka. Magari matatu yakaegeshwa vibaya mbele yake bila kupigiwa filimbi.

Ndani ya hadithi ile kulikuwa na mtu mmoja aliyemsumbua kuliko mtawala wa Paris. Ni yule mjumbe aliyeipeleka karatasi ya uhuru Guadeloupe. Mjumbe huyo huyo, baada ya miaka, alipelekwa kutawala Guyane, koloni jingine la Wafaransa, na huko akasimamia kurudishwa kwa utumwa. Mtu mmoja, kazi mbili. Prefe alimchunguza kama polisi. "Alipotia saini ya pili aliikumbuka ya kwanza? Alikula vizuri siku hiyo?" Na jambo la pili lililomkera ni daftari. Wakati wa uhuru watu wa Guadeloupe walihesabiwa, shamba kwa shamba, jina, umri, kazi, wakaandikwa kuwa raia wakulima. "Walihesabiwa wakiwa huru," alikuwa akisema polepole. "Orodha ilikuwa tayari. Waliokuja nyuma hawakuwa na kazi ya kutafuta."

Sisi tulimwacha aseme. Mama wa spaza, kile kiduka cha jirani, alikuwa akiniuliza, "Papa yenu bado yuko kwa visiwa?" Namjibu yuko, hajapata meli ya kurudi. Mwanangu wa kike, aliyezaliwa hapa na Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, alimuuliza siku moja kwa nini wale watu walikubali meli zitie nanga. Prefe akamwambia waliwapokea kwa heshima. Walidhani ni serikali yao wenyewe imekuja, ile ile iliyowapa uhuru. Walijipanga bandarini. Baadaye wapo waliopigana, na wapo waliojilipua kwa baruti mlimani wasikamatwe tena, lakini siku ya kwanza walipokea wageni.

Sasa niseme habari yetu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilimpenda.

Nyakasiza ni kilima cha mawe meusi, yale yanayonunuliwa kwa ajili ya simu. Kamanda Pilipili alikiteka na watu wake. Mwanzo alisema ni salongo, kazi ya pamoja, siku moja kwa juma. Salongo ikawa siku mbili, ikawa nne, ikawa tunalala shimoni. Aliyetoroka alipigwa risasi ya mguu mbele yetu. Namtaja Pilipili. Namtaja Bosi Faustin, aliyekuja na gari kununua mawe na akatuona, akatuona vizuri, akaniuliza hata jina langu, kisha akapakia mizigo yake. Vidole vyangu viwili alivikata msaidizi wa Pilipili, nilipodondosha gunia. Baada ya mwaka na nusu Pilipili alifukuzwa na wanajeshi wengine, nao wakapita, wakatuacha kilimani kama mbuzi waliofunguliwa kamba wasijue pa kwenda.

Tatizo lilikuwa vizuizi. Kila barabara ina kizuizi, na kila askari anauliza: wewe nani, ulikuwa kwa Pilipili, wewe ni mpiganaji? Watu wetu wawili waliuawa hivyo, wakiwa wanarudi kwao. Hapo ndipo Prefe wa shule ya chini ya kilima alipotuita uwanjani. Sisi tulinuka. Alikuwa amevaa tai. Akaketi kwenye dawati nje, karani wake Byamungu pembeni na daftari kubwa la shule, na mmoja mmoja akatuandikia karatasi: *Mwenye karatasi hii alilazimishwa kufanya kazi Nyakasiza. Si mpiganaji. Ni mtu huru, aachwe apite.* Akatia saini. Akapiga muhuri wa shule, ule wa duara wa wino wa bluu. Na kila jina Byamungu akalinakili daftarini, na kijiji cha mtu, na jina la baba yake, ili ukipoteza upewe nyingine.

Wewe msomaji unayeishi mahali penye serikali utacheka. Muhuri wa shule! Lakini kwetu askari anayeshika karatasi juu chini bado anauheshimu muhuri. Tulipita. Vizuizi vyote, tulipita. Niliishona karatasi yangu ndani ya plastiki nikaivaa kifuani. Nilioa nikiwa nayo kifuani. Miezi tisa niliamka nyumbani kwangu, nikalima shamba langu, nikagombana na mke wangu kuhusu chumvi. Hayo nilipewa na mtu mmoja, na mtu huyo nikamkuta Johannesburg miaka mingi baadaye akilinda magari. Unafikiri nilimwona kama mlinda magari?

Halafu akaja Kanali Desire. Namtaja, na ninatumaini yuko hai asikie. Huyo hakuja kwa fujo. Alikuja na barua na watu wenye kalamu, akatangaza kuwa wote walioteswa na Pilipili watapewa msaada: unga, maturubai, mafuta. Mje na karatasi zenu. Jamani, tulikimbia! Waliokuwa wamezisahau nyumbani walirudi mbio kuzichukua. Watoto wa shule waliimba. Sokoni wakasimama watu wa Kanali na daftari kubwa la shule mkononi, wakasoma majina, kijiji, jina la baba. Unaitika, unaonyesha karatasi, unapelekwa upande wa kushoto. Nilipogundua kuwa upande wa kushoto umezungukwa na bunduki, nilikuwa nimeshaitika. Niliitika kwa sauti kubwa.

Mdogo wangu Kashindi hakuwa mtu wa shimoni. Wakati wa Pilipili alikuwa kwa shangazi, mbali. Jina lake halikupaswa kuwamo. Lakini asubuhi ile alikuja akitabasamu, anapunga karatasi mpya. "Kaka, na mimi nimepewa ofisini! Tutabeba unga wawili." Na jina lake lilisomwa. Tulirudi kilimani pamoja, miaka mitatu na kitu. Mimi nilitoka. Yeye yumo.

Tangu siku hiyo nilijua aliyetuuza. Daftari lilikaa kabatini ofisini, na ufunguo alikuwa nao karani. Nani mwingine? Byamungu aliuza daftari, na Kashindi naye alimwongeza kwa rushwa, labda ya kuku wawili. Sikumwona akifanya. Sikuhitaji kuona. Na Byamungu naye akaja Johannesburg, akafungua duka la kinyozi Malvern, milango mitano tu kutoka duka la magodoro. Nilimtaja kanisani. Nilimtaja kwenye misiba. Watu wa kwetu wakaacha kunyoa kwake, wakaacha kumsalimia, na mke wake akarudi kwao na watoto. Mimi nilisema ni haki.

Mwaka jana wakili mmoja wa kike, ana ofisi mjini, alianza kukusanya ushahidi wa watu wa machimbo ili upelekwe mahakamani ng'ambo. Alitaka majina. Hilo ni jambo ninaloliweza. Alinipa karatasi na majuma matatu, akasema niandike mwenyewe, kwa Kiswahili, yeye atatafuta wa kufasiri, na nikishatia saini haibadilishwi. Niliandika kurasa sita kwa vidole vitatu. Wahalifu wanne: Pilipili, Faustin, Desire, Byamungu. Jumamosi nikampelekea Prefe anisahihishie.

Alikuwa mgonjwa tayari. Chumba alikodi nyuma ya nyumba ya Mnigeria, Malvern hiyo hiyo. Filimbi imetundikwa msumarini, leso tano zimekunjwa dirishani. Tumbo lilikuwa limevimba na uso umeisha. Alikaa kitandani akiwa amevaa tai.

"Soma," akasema. "Mimi macho yamechoka."

Nikasoma. Kwa Pilipili akatikisa kichwa. Kwa Faustin akasema ongeza rangi ya gari lake. Nilipofika kwa Byamungu akanyanyua mkono.

"Hapo futa."

"Nifute nini, Prefe?"

"Jina hilo. Daftari nilitoa mimi."

Nilidhani ni homa. Nikamwambia apumzike.

"Sina homa. Kanali alikuja ofisini na barua yenye muhuri. Alinivulia kofia. Aliniita *Monsieur le Préfet*. Akasema serikali inataka kuwahudumia watu wangu, je, ninayo orodha? Nilikuwa nayo! Nilifurahi. Nilimtuma Byamungu aitoe kabatini, na yeye akaninong'oneza tusubiri kidogo, tuulize kwanza. Nikamfokea mbele ya wageni. Nikakaa na yule Kanali nikamsomea mwandiko palipofifia. Watoto nilipanga mimi, waimbe."

Nikazikunja zile karatasi sita.

"Na Kashindi?"

Akainyoosha tai. "Alinikuta ofisini usiku wa kuamkia siku ile, daftari lilikuwa bado kwangu. Alilia. Alisema kaka yake atapata na yeye hatapata. Nikaona, mtoto wa watu, gunia moja la unga... Nilimwongeza kwa mkono wangu. Karatasi yake nilipiga muhuri pale pale mezani."

"Miaka yote hii," nikasema. "Miaka yote hii tunakaa kwenye kreti!"

"Kila nilipotaka kusema, ulikuwa unanishukuru."

Nilitoka nikaacha mlango wazi, na nje kulikuwa na baridi ile ya Julai inayoingia kwenye meno. Nilimtukana njia nzima. Kumbe kwa yule mjumbe wake wa Guyane alikuwa akijichunguza mwenyewe muda wote, na sisi tukimcheka kwamba yuko visiwani.

Miguu yangu haikunipeleka Observatory. Ilinipeleka kwa Byamungu. Alikuwa peke yake, anafagia duka ambalo halina nywele za kufagia. Aliponiona akakamata fagio kwa mikono miwili, maana alidhani nimekuja kupigana.

"Prefe amesema," nikamwambia.

Akashusha fagio. "Yote?"

"Yote. Wewe ulijua! Kwa nini hukusema? Nimekuharibia nyumba, Byamungu. Mke wako..."

"Ningesema, wewe na wenzako mngemfanya nini yeye? Wakati ule, kila mtu ana hasira, ndugu zetu wako shimoni? Mngemuua. Mimi mlininyima salamu tu." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Baadaye nikataka kusema, nani angenisikia? Ulishamaliza."

"Na yeye akanyamaza akuone unaoza."

"Alikuwa anakuja." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Ijumaa zote, jioni ukiwa geti lako. Anakaa hapa nilipokaa. Kichwa chake unakijua, nywele sita. Anasema ninyoe. Ninapitisha mashine. Analipa bei ya watu wawili. Hatusemi kitu. Miaka yote, hatusemi kitu. Wateja wangu wote wameondoka, nimebaki na kipara."

Nilimwomba radhi. Sina mazoea, sikujua mikono iwekwe wapi. Byamungu hakusema amenisamehe, na siandiki kwamba alisema. Alinisukumia kiti kingine akaniambia nikae, shingo yangu inatia aibu kanisa. Nikanyolewa. Kesho yake kanisani nilisimama baada ya matangazo nikalifuta jina lake kwenye lawama mbele ya watu wote. Pasta aliuliza basi ni nani. Nikasema nitaandika panapotakiwa.

Na hapo ndipo palikuwa na kazi. Majuma mawili yalikuwa yamekwisha. Nilikaa getini na kalamu, magari yanaingia na kutoka, kitabu cha matukio sijakijaza, msimamizi ananifokea kwa redio. Niliandika kwamba Prefe alitoa daftari. Nikachana. Niliandika tangu mwanzo bila Prefe kabisa, kama kwamba karatasi zilianguka kutoka juu. Nikachana. Siku moja nilimwandika wa kwanza kabisa, kabla ya Pilipili, kwa hasira ya Kashindi, na nilipoisoma niliona aibu mpaka nikageukia ukuta. Wakili alipiga simu: Ijumaa ndiyo mwisho. Alhamisi mchana nikaomba ruhusa, nikashuka Malvern.

Prefe alikuwa amelala chali. Safari hii hakuwa na tai, na shingo yake bila tai ilikuwa ndogo kama ya kuku. Byamungu alikuwepo, anachemsha maji ya uji. Hatukusalimiana kwa maneno mengi.

"Umeniandika?" Prefe akauliza kabla sijakaa.

"Nimekuandika."

"Jina kamili?"

"Jina kamili, na cheo, na shule."

"Soma."

Nikasoma ile sehemu. Nilikuwa nimeandika hivi: Mtu huyu alituandikia karatasi tukapita vizuizi vyote salama, na hakuchukua hata yai la mtu. Kwa ajili yake niliishi miezi tisa nyumbani kwangu. Halafu mtu huyu alimpa Kanali Desire daftari la majina yetu, kwa kuamini barua, na karani wake alimwonya akakataa kusikia. Usiku wa kuamkia siku tuliyokusanywa alimwongeza mdogo wangu Kashindi, ambaye hakuwamo. Kashindi alikufa shimoni. Mtu huyu alinyamaza miaka mingi, na mtu mwingine akabeba lawama yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika haya.

Nilipomaliza, maji ya uji yalikuwa yanatokota na Byamungu hakuyashughulikia.

"Saba juu ya kumi," Prefe akasema.

"Saba! Kwa nini saba?"

"Umeanza na mema. Atakayesoma atanipenda kabla hajajua nilichofanya. Hiyo ni hila, hata kama hukukusudia. Geuza. Anza na daftari, anza na Kashindi. Karatasi za kwanza weka mwisho, kama kuna nafasi."

"Prefe, ndivyo ilivyokuwa. Ulitufungua kwanza."

"Geuza, nimesema." Ilikuwa sauti ile ile ya mstari wa asubuhi, ingawa haikuwa na pumzi ya kufika mlangoni. "Bado mimi ni mwalimu wako au hapana?"

"Wewe ni mwalimu wangu."

"Basi?"

Byamungu alikuwa amesimama na kijiko, ananitazama. Nilitoa kalamu. Prefe akafumba macho akiamini nageuza. Niliweka zile karatasi juu ya goti, nikaandika tarehe chini ya ukurasa wa mwisho, nikatia saini yangu kwa vidole vitatu. Sikugeuza.